Kizibao cha Njano

Muhula ule watu walinipongeza kwa sababu mwanangu alikuwa ameacha kusema. Naliweka hili mbele kabisa ili nisije nikaonekana nimetulia. Sijatulia. Kidonda cha mtoto kimefunga, anakimbia na wenzake, lakini bado kuna siku nakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi unakatika, na mteja ananiuliza, "Fundi, leo una nini?" Ninacho. Ngoja nikieleze.

Nashona nguo mjini Songea, kwenye baraza ya njia ya sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori la makaa ya mawe. Anapakia huku kwetu, anashusha Mtwara, na akirudi nyumbani anakuja na vumbi jeusi hata kwenye kope. Tuna mtoto mmoja, binti, na habari hii ni yake.

Kabla ya muhula ule alikuwa anaongea kama chiriku. Akitoka shule anatupa begi, anaingia chini ya meza yangu ya kukatia, na kutoka humo chini ananipa habari za mji mzima. Mteja akiondoka tu, sauti inatoka: "Mama, sketi ya yule mama ongeza inchi, makalio yake hayataki kubanwa." Nilikuwa namkemea, kisha naongeza inchi, maana kweli hayakutaka.

Aliyemfaidi zaidi ni mama yangu mzazi, anayeishi kijijini upande wa Peramiho. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni watani. Bibi humwita mjukuu "mke mwenzangu", kwa kuwa mume wao wote wawili ni babu. Basi wakikutana ni vita. Bibi atasema huyu mke mdogo hajui kupika, mjukuu atajibu kwamba mke mkubwa hana meno ya kutafuna anachopikiwa, na babu anakaa pembeni na kiko chake, anafurahia kugombaniwa. Walikuwa wanachanganya Kiswahili na Kingoni, tena kwa kasi, mpaka mume wangu mwenyewe alikuwa anabaki kuuliza, "Kasema nini? Kasema nini?"

Kumpeleka shule ya Kiingereza lilikuwa wazo la baba yake. Alisema mtoto wa dereva asije akawa dereva. Sikumpinga. Nina wateja wa maofisini ambao wakitaka kunisema mbele yangu wanageuza lugha, wanacheka, kisha wanarudi kwenye Kiswahili kuniuliza nguo itakuwa tayari lini. Nilitaka mwanangu akikaa chini ya ile meza ajue wanasema nini. Shule yenyewe silitaji jina lake. Binti yangu alikuwa ametoka kumaliza darasa la nne shule ya serikali. Walimpima, wakasema Kiingereza chake hakitoshi, arudie la nne. Tukakubali. Mzazi ukishasikia neno Kiingereza unakubali vitu vya ajabu.

Mwalimu wao wa Kiingereza, kijana mwenye tai, alikuwa na somo alilolipenda kuliko yote: maneno mapacha. Kumbe Kiingereza kina maneno chungu nzima yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Unga na ua ni mapacha. Dhaifu na wiki ni mapacha. Nyama na kukutana, mapacha. Kila Jumatatu wanaandikiwa mapya ubaoni, na kila siku mtoto anasimamishwa, ticha anasoma sentensi, mtoto ataje pacha anayetakiwa, herufi kwa herufi, bila kusita. Juu ya hao kuna mapacha ambao Waingereza hawakuwazaa, tumewazaa sisi wenyewe. Huku kwetu l na r ni ndugu wa tumbo moja, na ukimwambia mtoto wa Songea aseme kwa Kiingereza kwamba amekula wali, anaweza kukwambia amekula chawa. Ticha alikuwa akimsikia, anamrudishia chawa wake mbele ya darasa, darasa linacheka, na mtoto anaitwa Chawa mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Hapa ndipo huwa napandwa. Kiswahili nacho kina mapacha wake. Tuna paa la nyumba, tuna paa wa porini, ndege anapaa, na samaki unampaa magamba. Nimeishi na paa hao wote tangu utoto na sijaona mtoto aliyeaibishwa kwa ajili yao. Mtu akikosea mnamwelekeza, mnacheka pamoja naye, mnaendelea na mnachofanya. Watu wanapenda kusema kwa dharau kwamba fulani ana Kiingereza cha kuombea maji. Mimi nauliza, kuna kazi gani ya lugha iliyo kubwa kuliko kuomba maji? Ukiwa na kiu utaomba kwa nini?

Lakini wakati ule sikuwa nayajua haya ya mapacha na chawa. Nilichokijua mimi ni kizibao.

Kilianza kuja nyumbani Ijumaa moja, kimekunjwa ndani ya begi. Kizibao cha njano kisicho na mikono, chenye mistari inayong'aa, kama vile vya mafundi wa barabara. Nilikuwa nimeviona vizibao vya namna hiyo kwa wanafunzi wanaosimamisha magari ili wadogo wavuke. Nikaweka mkono mdomoni kwa furaha.

"Umekuwa kiranja?"

Akainamisha macho. Kwetu mtoto akisifiwa huinamisha macho, ndivyo tunavyowalea. Sikutafuta jibu jingine.

"Wamesema kifuliwe, kirudi Jumatatu," akasema. Hayo tu.

Nilikifua, nikakipiga pasi kwa kukigeuza ndani nje ili ile mistari isiungue. Nikakitazama kwa macho ya fundi. Mshono wa begani ulikuwa mmoja, wa kiwandani, wa haraka haraka. Nikaona mwanangu asije akaaibika kizibao kikimchanikia barabarani, nikampigia mshono wa pili, uzi mara mbili, begani kote kote. Niliuvuta kwa nguvu kuupima. Haukutoka.

Ijumaa iliyofuata kikaja tena. Na iliyofuata tena. Mama mwenye genge la mboga, jirani yangu wa baraza, akaanza kuniita Mama Kiranja, na mimi nikaitika. Baba yake akawa anawatambia madereva wenzake njiani. Na kadiri kizibao kilivyozoea njia ya kuja kwetu, ndivyo maneno ya mtoto yalivyozidi kupungua. Chini ya meza kukawa kimya. Ukimuuliza jambo anakutazama, anameza mate, anatikisa kichwa, au anasema neno moja alilolichagua kwa muda mrefu.

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana ndipo tulipokwama. Kwetu mtoto mzuri ni yule asiyesikika. Anapiga goti, anaamkia, anapokea kwa mikono miwili, anaondoka. Mtoto anayejibu wakubwa tunasema ana mdomo, kana kwamba wenzake wamezaliwa bila mdomo. Kwa hiyo janga la mwanangu lilipokuja, lilikuja limevaa nguo za malezi mema, na sote tukalifungulia mlango. Wateja wakasema, "Fundi, mwanao siku hizi ana adabu." Kwenye jumuiya, baada ya sala, mama mmoja ambaye hajawahi kunisifia kitu akanishika mkono akaniambia, "Umelea, mwenzangu."

Pasaka tulikwenda kwa mama. Mtoto akapiga goti, akasema shikamoo kwa sauti ambayo ungedhani anaiazima.

"Marahaba, mke mwenzangu," mama akaitika, akakaa vizuri kusubiri vita. "Umekuja mikono mitupu? Mume wetu anakula nini leo?"

Mtoto akatazama chini. Mama akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akanigeukia mimi na uso umejaa heshima.

"Amekua," akasema. "Mke mwenye adabu hamjibu mke mkubwa."

Babu alikuwa amekwisha kukivuta kiti karibu ili asikie vizuri. Akakirudisha pale kilipokuwa.

Yaliyotokea baadaye yalitokea mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekaza. Katikati ya wiki mtoto aliacha chakula. Nikadhani mafua. Kesho yake aliondoka na gari la shule ameinama kidogo, amejikumbatia ndani ya sweta, na mimi nikamwambia asimame wima kama kiranja. Ijumaa jioni gari lilimshusha, akaja barazani, akatoa kizibao kwenye begi, akakiweka mezani kimekunjwa kwa ajili ya kufuliwa, akaingia chini ya meza. Nilikuwa na nguo ya kipaimara ya mtu, niliendelea kushona. Mkasi ukaniponyoka, nikainama kuuokota, nikamwona. Amejikunja magoti kifuani, jasho linamtoka kwenye baridi ile, macho wazi.

"Unaumwa?"

Akanitazama. Akameza mate. Hakusema.

Nilimgusa, joto likanifanya niutoe mkono. Mama wa genge alipiga kelele akasimamisha bajaji, tukampakia amelala mapajani mwangu, na kila mara bajaji iliporuka tuta alikuwa anafumba macho tu. Tulikwenda hospitali ya misheni. Njiani nilimpigia mama yangu simu, naye kwa kuwa kwake si mbali na hospitali, tukamkuta amekwisha kufika, kanga begani na rozari mkononi.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole. Akamwinamia mtoto.

"Mama mdogo, pole. Unaumwa wapi?"

Kimya.

"Hapa? Au hapa? Imeanza lini?"

Kimya. Muuguzi akamchoma sindano ya dripu, akamkosa mshipa, akamchoma tena. Mtoto hakutoa sauti. Muuguzi akasema kwa mapenzi kabisa, "Jamani, mtoto ana adabu huyu! Hata kulia halii."

"Ndivyo alivyo mjukuu wangu," mama yangu akasema. "Hasemi ovyo."

Sijui nieleze vipi kilichonipanda. Nilimgeukia mama yangu mzazi, mwanamke ambaye nimempigia goti maisha yangu yote, nikamwambia, "Mama, nyamaza!" Mbele ya daktari. Mbele ya wagonjwa. Kisha nikamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili.

"Sema! Sema mwanangu, utakufa! Sema unaumwa wapi!"

Midomo yake ilitikisika. Ikajiandaa, ikaacha, ikajiandaa tena. Halafu akaninong'oneza:

"Mama, na nikikosea?"

Daktari akauliza, "Akosee nini?" Sisi wenyewe hatukujua. Nilichojua ni kwamba mwanangu anawaka moto na anaogopa kukosea.

"Kosea," nikamwambia. "Kosea yote. Kosea kila kitu. Sema tu."

Akaweka kidole chini ya tumbo, upande wa kulia. Akasema imeanza Jumanne, akiwa darasani. Daktari alibonyeza pale, akaachia, mtoto akatoa mlio ambao nilikuwa sijausikia kwake tangu azaliwe, na uso wa daktari ukabadilika. Kidole tumbo, akasema. Tangu Jumanne. Akaita watu wa chumba cha upasuaji papo hapo, na wakati wanamsukuma mtoto aliniambia bila kunizunguka kwamba angelala hivyo mpaka kesho tungekuwa tunazungumza mengine.

Tulikaa kwenye benchi mimi na mama. Yeye alisali rozari, mimi nilishindwa hata kuitikia. Daktari alipotoka alisema kilikuwa kimeshapasuka, wamemsafisha tumbo, atapona, ila atakaa wodini. Mama yangu akainuka akaenda kumshukuru kwa magoti. Aliporudi hakukaa tena karibu yangu.

Nilijua habari yenyewe mtoto akiwa kitandani. Aliitoa kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, kila mara akitazama mlangoni. Kizibao hakikuwa cha kiranja. Kilikuwa cha aliyekosea. Ukichanganya mapacha wa ticha, au ukisikika unaongea Kiswahili, unavishwa, na hukivui mpaka umsikie mwenzako naye akikosea, uinue mkono, umtaje. Hapo kinahama. Aliyelala nacho Ijumaa ndiye anayekifua. Na ukiwa umekivaa ukakosea tena, unasafisha vyoo.

Yeye alitajwa na rafiki yake wa dawati moja, binti wa wafanyabiashara waliohamia kutoka Tunduru. Yule mtoto alimtaja huku analia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchoka nacho.

"Na wewe ulimtaja nani?" nikamuuliza.

"Sikumtaja mtu."

"Muhula mzima?"

"Nikisikia mtu anakosea naziba masikio. Nikimtaja atalia kama yeye."

Ndiyo maana kilikuwa kinakuja kwetu kila Ijumaa. Wenzake wote walikuwa wanategeana masikio, darasa zima la watoto limegeuzwa wapelelezi, na wangu alikuwa amekikalia kile kizibao ili kisiende kwa mwingine. Ticha alikuwa anamwita mvivu, kwamba wenzako wanajitahidi wanakivua, wewe umezoea. Njia pekee ya kutosafisha vyoo ilikuwa kutosema kitu. Basi akaacha kusema, kwanza shuleni, kisha popote. Na mimi mama yake nilikuwa nimemwimarishia mabega ya kile kitu kwa uzi mara mbili.

Jumanne ile maumivu yalipomkata alisimama kuomba ruhusa. Ticha akakunja mikono akamwambia aseme kwa Kiingereza. Neno alikuwa analijua. Tatizo ni kwamba alikuwa analijua na pacha wake, wamefundishwa wiki ile ile: maumivu, na kioo cha dirisha. Akawa hajui amtaje yupi. Darasa lote limemgeukia, kila mmoja ana mkono tayari wa kuinua. Akakaa.

Baba yake alikuwa ameingia wodini wakati mtoto ananieleza haya, moja kwa moja kutoka safari, makaa kwenye kope. Yeye ana Kiingereza kidogo, cha bandarini. Akamwambia mtoto, "Hebu yaseme hayo maneno mawili." Mtoto akayasema, moja, kisha la pili. Baba yake akamwambia ayarudie. Akayarudia.

"Lakini yanatamkwa sawa," baba yake akasema.

Kisha akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta amesimama anautazama ukuta. Mtoto angetamka lolote kati ya yale mawili angekuwa sahihi. Angefungua mdomo tu. Walichomfundisha ni kuogopa kitu ambacho sikio la mwanadamu haliwezi hata kukisikia.

Mkutano wa wazazi wa kufunga muhula ulikuwa wiki ile ile ya kutoka hospitali. Mume wangu alisema yeye akienda atarudi na polisi, afadhali niende mimi. Nikakipiga pasi kile kizibao, nikakivaa juu ya gauni langu la kitenge, nikatoka nacho hivyo hivyo. Nilikatiza mji kwa miguu. Vijana wa bodaboda wakaniita, "Mama, barabara inajengwa wapi?" Nikaendelea kutembea. Mmoja akanitazama usoni, akawaambia wenzake waniache.

Mkuu wa shule ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo kwanza. Hasira haiondoi malezi. Alipoitikia marahaba nikaomba kusema, nikabaki nimesimama, nikasema yote kama nilivyoyasema hapa. Mkuu akavua miwani, akaifuta.

"Pole sana, mama," akasema. "Tumeumia sote. Lakini na mtoto naye angesema tu."

Angesema tu! Bado nayasikia. Nikiwa napima nguo ya mtu nayasikia.

"Angesema na nini, mwalimu?" nikamuuliza. "Mmetumia muhula mzima kumfundisha asiseme. Amefaulu."

Baba mmoja wa mstari wa mbele akanigeukia. Akasema dada, tunakuelewa, ila tukubali shule ina nidhamu, wanawe siku hizi wametulia kabisa nyumbani, hata wageni wanawasifu.

"Nenda kawaulize kama wanaumwa," nikamwambia. "Usirudi mpaka wamekujibu."

Yule ticha alikuwa amesimama ukutani. Nilitegemea atanijibu kwa Kiingereza, nilikuwa nimejiandaa. Akasema kwa Kiswahili, macho kwenye viatu vyake, kwamba na wao walipokuwa wadogo walivalishwa. Labda alitaka nimhurumie. Hasira yangu iliongezeka. Kama ulivalishwa ulijua kinavyobana, na bado ukanunua cha watoto.

Nikawaambia, "Sheria yenu inasema aliyekivaa hakivui mpaka amtaje mwenzake. Mimi simtaji mtu. Naondoka nacho." Nikaondoka nacho.

Getini nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa mama mwenye ushungi, anahema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikamtambua kwa sura: mama wa yule rafiki wa dawati moja.

"Inshallah Mungu atamponya, dada yangu," akasema. "Wangu naye hasemi. Mimi nilidhani ni haya tu, nikawa namshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mwenye haya." Tulisimama pale getini tumeshikana mikono mpaka mlinzi akaona aibu akaenda kukaa mbali.

Sitaki kudanganya kwamba nilishinda. Yeye alimtoa mtoto wake, mimi nilimtoa wangu, na wengine walibaki. Mama wa genge ana mpwa wake pale. Anasema muhula mpya walinunua kizibao kingine, cha rangi ya machungwa. Binti yangu amerudi shule ya serikali na Kiingereza chake ni kile kile cha kuombea maji.

Kile cha njano nilikifumua. Mshono wa kiwandani ulitoka wenyewe, lakini wangu uligoma, nilipambana nao kwa wembe mpaka nikajikata kidole. Mtoto alikuwa kwenye mkeka pembeni, bandeji tumboni. Akanishikia upande wa pili wa kitambaa ili kisicheze. Nilikuwa nasubiri aseme kitu, chochote, anicheke hata kwa kujikata, na hakusema. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko kidonda. Daktari alikuwa ameniponyea tumbo la mtoto. Mwanangu mwenyewe, yule wa chini ya meza, sikujua kama atarudi.

Likizo ilipokaribia kwisha tulikwenda kwa mama kupukuchua mahindi. Mama alikuwa hajanisemesha vizuri tangu siku ile ya benchi. Nilipiga goti, nikamwomba radhi kwa kumnyamazisha mbele za watu. Akasema yameisha, kwa namna ambayo nilijua hayajaisha. Tukakaa uani tumezunguka rundo la mahindi, mama, mimi na mtoto, babu kwenye kiti chake na kiko. Kwa muda mrefu zikasikika punje tu zinazodondoka.

Kisha mama, bila kuinua kichwa, akasema, "Mke mwenzangu, nasikia walikupasua. Mume wetu anasema hataki mke mwenye kiraka."

Mtoto akatazama hindi lililo mkononi. Nikamwona anameza mate. Kumeza kule kule kwa siku zote, ninakujua sasa. Mikono yangu ikasimama. Babu akatoa kiko mdomoni.

"Mwambie mume wetu," mtoto akasema, na sauti ilikwaruza mwanzoni, "mimi nina mshono mmoja tu. Wewe ngozi yako yote ni marinda, na pasi ya kuyanyoosha haijatengenezwa."

Babu alicheka mpaka akapaliwa na moshi, ikabidi nimpige mgongoni. Mama akaokota gunzi akamrushia mtoto, likampata begani.

"Huyu mtoto hana adabu hata chembe!" akanipigia kelele, na machozi yanamtoka. "Umemharibu! Unasikia? Umemharibu!"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimemharibu."

Mtoto hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amehamia kwenye meno ya bibi, kutoka hapo kwenye mapishi ya bibi, Kiswahili na Kingoni na vipande vya Kiingereza ambavyo hata mimi niligundua vimekosewa, na hakusimama hata kuvuta pumzi. Tuliendelea kupukuchua mpaka gunia likajaa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.